Silinda Tatu Hadi Karambi

Jamaa zangu wa mtaa, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: dukani, kwenye foleni ya maji, na mmoja hata kanisani padri akihubiri. "Mama Nekesa amerudi, vizuri. Paipu umeipata, vizuri. Sasa mbona gari bado linakohoa?" Nimeona niandike mara moja, msomeane, kisha mniache nipumue. Na wewe Barasa, ambaye hunisalimu tangu Pasaka, usome mpaka mwisho. Wewe hasa ndiye ninayekuandikia.

KASESE, UANI KWANGU

Mnaijua pikapu yangu. Niliikuta imekufa nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, nikaivuta mpaka nyumbani. Mimi ni fundi wa mashine mgodini, nikajiambia miezi mitatu inatosha. Ilichukua miaka miwili. Mlikuwa mkipita mnauliza, "Mgonjwa ameamkaje?" na mimi nawajibu kuwa anaendelea vizuri, huku injini iko jikoni vipande vipande.

Injini ya dizeli haiwezi kufunguliwa uani, hilo niliwaeleza wengi wenu mkacheka. Petroli ina huruma, dizeli haina. Chembe moja ya vumbi ikiingia kwenye nozo, ule mdomo unaopuliza dizeli ndani ya silinda, kazi ya mwezi imekwenda. Kwa hiyo jikoni kwa mke wangu kukawa gereji. Pistoni zilikaa kwenye kabati la vikombe. Nozo niliziosha kwa dizeli ndani ya sufuria. Mama Nekesa alinung'unika wiki ya kwanza, wiki ya pili akaanza kuuliza maswali, na mwezi wa tatu alikuwa anaziosha nozo vizuri kuliko mimi. Nilimfundisha sheria moja: ukifungua paipu, papo hapo funika kila tundu kwa kitambaa safi, ukifunge kwa uzi. Hakuwahi kuisahau hata siku moja. Mimi niliisahau mara nyingi, naye alinikumbusha kwa sauti ambayo nadhani mliisikia.

Mwishowe gari lilikubali kuwaka. Nilimwahidi kumpeleka kwao Karambi, akashuke mbele ya ndugu zake kama bibi wa mkubwa. Kabla ya siku hiyo shangazi yake akaja kututembelea kutoka huko huko Karambi. Mke wangu alikuwa sokoni, nikasema nionyeshe ukarimu, nikapika uji mwenyewe. Nilichukua sufuria iliyokuwa karibu.

Shangazi alikunywa kikombe kizima, kwa heshima. Alipomaliza alifuta midomo akasema, "Uji ya mgodi iko na nguvu." Usiku wote alicheua dizeli. Asubuhi Mama Nekesa alifunga mizigo yake, akambeba mtoto, akaondoka na shangazi yake. Mlangoni aliniambia, "Ukitaka kunifuata, njoo na hilo gari lako. Kwa miguu usije, maana utasema gari ndilo lililokuchelewesha."

Nikafungua boneti asubuhi hiyo hiyo, tayari kumfuata. Paipu inayoleta dizeli kwenye nozo ya tatu haikuwepo. Pale ilipotoka, kwenye pampu na kwenye nozo, palikuwa na vitambaa viwili safi vimefungwa kwa uzi. Mimi sikuvitazama vile vitambaa. Nilitazama nyumba ya Barasa.

Mtanisaidia kukumbuka. Barasa aliapa mbele ya watu kuwa siku pikapu ile itakapotembea, atanyoa nusu ya kichwa. Mimi nikajumlisha moja na moja, nikapata mwizi. Nilimfuata mlangoni kwake, ndiyo kwanza ametoka kiwanda cha saruji, mweupe mpaka kope, nikamwita mwizi mbele ya mkewe na mbele yenu. Barasa aligeuka. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu, na mimi nikaona ule utaratibu ni dalili ya hatia.

Wiki mbili nzima nilitafuta paipu Kasese. Vipuri mnajua vilivyo siku hizi: ukitaka skrubu, kwanza uulize nani amefiwa na gari. Mwishowe nikaomba likizo na kuondoka bila paipu.

MPAKA NJIA PANDA YA KIKORONGO

Injini ya silinda nne inaweza kutembea kwa tatu, ikiwa mwenyewe hana haya. Tatizo ni kwamba pampu haijui kuwa paipu moja haipo. Inaendelea kusukuma dizeli ya silinda ya tatu kama kawaida, na ukiziba tundu kwa nguvu utaiharibu pampu. Nikafunga mpira mwembamba pale, nikaupitisha karibu na pedali mpaka ndani, ukaingia kwenye chupa niliyoifunga kwa kamba kwenye breki ya mkono. Chupa ikijaa, nasimama, narudisha dizeli kwenye tangi.

Betri nayo ilikuwa jina tu. Mlinisukuma ninyi wenyewe, asanteni. Barasa alisimama kizingitini amekunja mikono. Kichwa chake kilikuwa na nywele zote, na mimi nilipita nikapiga honi kumkomoa. Aibu ya honi ile ninayo mpaka leo.

Nilivuka mstari wa ikweta gari likitikisika kama mtu mwenye homa ya malaria, na moshi umenifunika hata sikuona kibao. Nikafika njia panda. Kulia ni barabara ya Bwera, na juu ya Bwera kuna milima ya Karambi, aliko mke wangu. Mbele ni Katunguru, ambako nilisikia kuna fundi wa mashine za boti. Nilisimama pale injini ikinguruma. Nikajiambia mwanamume haendi ukweni na injini pungufu, watasema nini. Nikaenda mbele.

KATUNGURU, DARAJANI

Wanajeshi walikuwa darajani. Mmoja aliinua mkono kabla sijafika.

"Wewe! Simama! Zima gari!"

"Afande, nikizima haliwaki tena. Betri ni mbovu."

"Nimesema zima! Gari inapiga kelele mbele yangu?"

Nikazima. Viboko walisikika chini majini wakifurahia ule ukimya. Afande aliingiza kichwa dirishani, akaona chupa.

"Hii chupa nini? Magendo?"

"Hapana, afande. Ni dizeli ya silinda ya tatu."

"Silinda ya tatu iko wapi?"

"Iko, lakini haifanyi kazi."

"Haifanyi kazi na unampa chakula?" Alifikiri kidogo. "Hata jeshini iko mutu kama hiyo." Akawageukia wenzake, akawatafsiria kwa lugha yao, wakacheka mpaka mmoja akaegemea ukingo wa daraja.

Alitaka kujua safari yote. Nikamweleza, maana mbele ya bunduki mtu huwa mkweli: mke amekwenda kwao, paipu imeibwa, natafuta nyingine.

"Bibi yako iko wapi?"

"Karambi, afande."

"Na wewe iko Katunguru." Alitazama barabara niliyotokea. Kisha akatikisa kichwa, akaita watu wake. "Sukuma hii mjinga! Moja! Mbili!" Walisukuma vizuri sana, bunduki mgongoni, mpaka ng'ambo ya daraja.

Fundi wa boti alinikaribisha ngege wa kukaanga na ugali wa muhogo. Samaki yule alikuwa mkubwa kuliko sahani, nami nilimla mpaka kwenye mashavu. Paipu hakuwa nayo. Mashine zake zote ni za petroli. Lakini alisema Kabatoro kuna kinu cha kusaga nafaka kinachokwenda kwa dizeli, na mwenye kinu ana paipu ya akiba. Nilikula mkia wa samaki, nikaondoka mbio.

KABATORO

Mwenye kinu alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Paipu ya akiba anayo, alisema, imefungwa ndani ya gunia stoo, na atanipa kwa moyo mweupe. Ila kinu chake kimezimika tangu juzi, wanawake wamepanga madebe ya mahindi kuanzia mlangoni mpaka barabarani, na mimi naonekana ni fundi.

Nililala kwake. Asubuhi nikavua shati. Nilitoa nozo, nikaiosha, nikaondoa hewa kwenye pampu, nikarudisha, na kila nilichogusa wanawake wale walitoa maoni. "Huyu anajua?" "Anajua, tazama jasho." "Jasho hata ng'ombe anatoa." Saa tisa kinu kikaunguruma, wakapiga vigelegele, na mimi nikajisikia nabii. Mwenye kinu akaniletea gunia. Paipu ilikuwa nzuri, inang'aa, na nati zake zilikuwa kubwa mara mbili ya zangu.

"Haiingii," nikamwambia.

"Ulisema unataka paipu," akasema kwa sauti yake ndogo. "Hukusema unataka iingie."

Aliona uso wangu akanihurumia. Alinipa gunia la chumvi, imetoka ziwani siku ile, bado inachuruzika maji. "Peleka ukweni," alisema. "Mkwe akija na chumvi hakosi pa kukaa." Niliipakia kwa fahari. Kama ningejua gunia lile litakavyonisema, ningelimwaga njiani wanyama wakalamba.

KABATORO HADI BWERA

Kesho yake asubuhi mama mmoja wa Kikongo alisimama mbele ya gari na mizigo miwili kichwani. Jina lake Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo, alikuja kuuza vitenge na sasa anarudi na chumvi.

"Papa, unaenda Bwera? Minaomba nafasi."

Nikampa nafasi, na kwa kuwa kamba ya chupa ilikuwa imekatika, nikampa na chupa.

"Hii njo nini?"

"Ni dizeli, mama. Shika tu, ikijaa uniambie."

"Weye! Mutoto nimebeba, chumvi nimebeba, hata kuku ya padri nimebeba. Dizeli mu chupa, hii ya kwanza." Lakini aliishika. Mkono wa kulia alishika chupa, wa kushoto rozari, na kila alipomaliza fungu moja la rozari alichungulia chupa. Tulirudi mpaka Kikorongo, na mara hii nikashika barabara ya Bwera.

Huko njiani aliniuliza habari zangu zote, na mimi nikasema zote. Nilipofika kwenye wiki mbili za kutafuta paipu, ambayo yeye huiita tuyau, alinigeukia.

"Ngoja. Bibi alienda. Tuyau ilienda. Na weye ulianza kutafuta tuyau?"

"Ningemfuataje bila gari zima, mama?"

"Banaume!" akasema, akarudia rozari yake. Alisali mpaka chupa ilipojaa.

Tulipofika Bwera, Mama Kavira alikataa tuachane na njaa. Alininunulia sombe na bugali, yaani kisamvu na ugali, kwa mwanamke mwenzake wa Beni, chakula kilichonirudishia akili, kisha akanipeleka kwa fundi anayemwamini, mkimbizi mmoja aitwaye Papa Musafiri, mwenye gereji ya mabati mawili nyuma ya soko. Papa Musafiri aliinama chini ya boneti muda mrefu. Nozo ya tatu ilikuwa bado na kile kitambaa chake. Cha kwenye pampu nilikitupa siku ile nilipofunga mpira.

"Nani alifunga hii?"

"Mwizi," nikasema.

Aliinuka, akapangusa mikono. "Papa, mwizi anakamata kitu anakimbia. Anabeba betri, anabeba tairi. Hii mutu alifungua na spana ya sawa, hakuumiza nati. Alifunika tundu juu ya vumbi, isiingie. Alifunga uzi, mafundo mbili. Mwizi ya namna hii, umutafute umuowe."

Mama Kavira alicheka mpaka akakaa chini juu ya mzigo wake.

Mimi sikucheka. Nilikifungua kile kitambaa. Kilikuwa cheupe chenye maua ya njano, kipande cha gauni la mtoto wetu Nekesa la alipokuwa mchanga. Kwa zaidi ya wiki mbili nilikuwa nakipita kila asubuhi. Na hapo hapo nikamwona Barasa mlangoni kwake, mweupe wa saruji mpaka kope, mtu ambaye akishika kikombe kinabaki na alama za vidole vyake. Angeweza kuiba paipu kumi, lakini kitambaa kile angekiacha cheupe namna gani? Niliona aibu iliyonifanya nisahau kumuaga vizuri Mama Kavira. Yeye alinisukumia gari pamoja na watu wa soko, na nilimsikia nyuma yangu akipiga kelele, "Anza na bibi!"

KARAMBI

Mlima wa Karambi kwa silinda tatu hauandikiki. Nilipanda kwa gia ya kwanza, polepole kiasi kwamba bibi mmoja mwenye mzigo wa matoke alinipita, akanitakia safari njema. Nilipofika nyumba ya wakwe zangu niligeuza gari litazame mteremko, nikazima.

Hakuna aliyetoka kunipokea. Nilikuta kiti kimoja uani, nikaelewa kuwa ni changu. Mama mkwe alibaki ndani kama adabu inavyotaka, lakini pazia la dirisha lilicheza. Shangazi ndiye alikuja, akakaa mbele yangu. Mama Nekesa akakaa kando yake, akinitazama mikono tu.

Nikaona nianze na zawadi. Nilishusha gunia mwenyewe. "Shangazi, nimewaletea chumvi. Mbichi, nimeichukua mwenyewe ziwani."

Shangazi alichota kidogo, akaionja, akatazama maji yanayochuruzika. "Iko tamu. Hii ya Kabatoro."

"Yenyewe, Shangazi," nikasema kwa furaha.

"Kutoka Kasese kuja hapa, mutu anapita Kabatoro?"

Nikaanza kufunga mdomo wa gunia.

"Iko njia panda," akaendelea taratibu. "Mukono ya kulia, bibi yako. Mbele, chumvi. Wewe ulienda wapi kwanza?"

"Nilikuwa natafuta paipu, Shangazi."

Mama Nekesa alifungua fundo la kitenge chake. Aliitoa paipu, imefungwa kwa kitambaa kingine chenye maua ya njano pande zote mbili, akaiweka juu ya gunia la chumvi. Kwa ukoo wao ukiondoka na ugomvi, unaondoka na kitu cha ugomvi, ili wazee wakikaa wasibishane juu ya kitu wasichokiona. Mimi nimeoa kwao miaka sita na sikuwahi kuuliza.

"Nilisema uje na gari," alisema. "Nilisema uje na silinda nne?"

"Hapana."

"Kwa tatu halifiki?"

"Limefika."

"Basi lingefika siku ile ile." Sauti yake ikapungua. "Siku tatu za kwanza nilikaa pale juu barabarani. Kila lori likipanda, nilimwambia Nekesa, 'Baba huyo.' Mtoto akazoea kupunga mkono kwa malori ya watu."

Ndugu zangu, nimewahi kuangukiwa na jiwe mgodini. Lile jiwe halikuniuma hivyo. Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya shangazi, mbele ya pazia, kwa maneno machache.

Shangazi alinyanyuka, akarudi na kikombe cha uji, akanipa kwa mikono miwili. Niliunusa kwanza, siwezi kuficha, naye aliniona ninavyonusa. Ulikuwa uji wa ulezi, mtamu, wenye maziwa. Nilikunywa wote. Ungekuwa na dizeli ningejisikia nafuu.

Nilipoona mambo yamelainika, nikakosea tena: nikacheka, nikasema, "Na mimi nilidhani ni Barasa! Nilimwita mwizi mtaa mzima ukisikia."

Mama Nekesa hakucheka. "Barasa aliyembeba Nekesa mgongoni mpaka zahanati, wewe uko mgodini?"

Akaichukua paipu juu ya gunia, akaifunga tena kwenye kitenge.

NYUMBANI

Tulirudi watatu kwa silinda tatu. Nekesa katikati, mama yake ameshika chupa, na hakudondosha hata tone. Tulipopita njia panda ya Kikorongo, mke wangu aliniminya goti.

Sasa mnajua kwa nini gari bado linakohoa. Paipu iko jikoni kwangu, imening'inia msumarini kati ya mwiko na kichujio cha chai, na maua yake ya njano. Naiona kila ninapokula. Nikiigusa naulizwa, "Umekwisha kwenda kwa Barasa?" Nimefika mlangoni kwako mara tatu, Barasa, na mara tatu nimejifanya napita. Ndiyo maana nimeandika.

Nilikuita mwizi mbele ya mkeo na mbele ya watu. Mbele ya watu hao hao nasema hukuiba, na kwamba nilikuwa mjinga, na kwamba naomba unisamehe. Habari ya kunyoa tuiache. Gari limetembea kwa silinda tatu, hatuwezi kumdai mtu nusu ya kichwa. Jumapili tukitoka kanisani njoo kwangu na mama watoto. Kuna kuku, na sufuria ni mpya. Spana nitaiweka mezani, na Mama Nekesa amesema ile paipu utaifunga wewe Barasa kwa mkono wako mwenyewe, si mtu mwingine.

Ila amesema unawe kwanza.